Bunduki ya Kitako cha Mninga

Asifuye kitako hajachungulia mtutu.

Methali hii mmeisikia leo kwa mjomba wenu, alipokataa kutoa neno juu ya ile pikipiki iliyopakwa rangi mpya mpaka injini ifunguliwe. Nyinyi mkacheka, mkaja kuniuliza kitako na mtutu vinaingiaje kwenye pikipiki. Kaeni basi, wajukuu zangu. Chanzo chake nakijua kwa sababu kilipita nyumbani kwangu, na mambo yenyewe yalianza hivi.

Miaka ile ya mwanzo baada ya uhuru tulikuwa tunakaa Nakipwiti, kijiji cha wakulima wa ufuta na mihogo upande wa bonde la Mbwemkuru. Mimi nilikuwa bado mke mpya wa babu yenu, Mkomela. Dada yake Mkomela, aitwaye Abiba, aliolewa na Kazumari, kwa hiyo sisi Kazumari tulimwita shemeji. Huyu Kazumari alikuwa keya, yaani askari wa zamani wa jeshi la Mwingereza. Alipigana Burma, akarudi na cheo cha koplo. Watu wengine kijijini walikuwa na magobore ya kushindilia baruti, ya kutishia nyani. Bunduki ya kweli aliyewahi kuishika ni Kazumari peke yake.

Msimu ule nguruwe walituzidi nguvu. Mhogo unaupanda leo, kesho unakuta shimo. Na nguruwe wakishazoea shamba, simba naye huzoea kijiji, maana anafuata kitoweo chake. Simba alianza kwa mbwa, kisha akamchukua Binti Ngaweje pale kisimani, mchana kweupe. Tuliofika tuliikuta ndoo yake imesimama wima, imejaa, hata maji hayakumwagika. Baadaye akamshusha mlinzi mmoja kutoka kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba. Baada ya hapo nani angepanda tena dunguni? Tukalala majumbani tumefunga milango kwa magogo, na nguruwe wakala mashamba mpaka wakachoka wenyewe.

Bwana nyama, mwindaji wa serikali, alikuja. Alikaa siku kadhaa, simba hakujionyesha, akaitwa vijiji vingine ambako nako watu walikuwa wanalia. Ndipo ofisi ya wilaya ikakubali kijiji chetu kiwe na bunduki moja ya kuwindia, kibali kikaandikwa kwa jina la Kazumari. Mwenyekiti wetu, Mzee Chimbuli, akapita nyumba kwa nyumba akikusanya ufuta. Kila nyumba ilitoa, hata zile zilizobakiwa na mbegu tu. Ufuta ukauzwa, na Kazumari akatumwa Nachingwea kutafuta bunduki. Mkomela alimsindikiza.

Pale Nachingwea walikuwapo Wazungu wengi wakati wa mashamba makubwa ya karanga. Mashamba yalipokufa waliondoka, na vitu vyao vikabaki mikononi mwa watu. Kazumari alikuwa na rafiki yake huko, Hokororo, aliyekuwa naye Burma. Hokororo hakuwa mpiganaji. Kazi yake ilikuwa kubeba machela. Kazumari alipopigwa na homa kali msituni, kikosi kinarudi nyuma na machela yamekwisha, Hokororo alimtia mgongoni akatembea naye kwenye matope tangu asubuhi mpaka jioni. Habari hiyo sote tuliijua. Kazumari hakuwahi kuisimulia bila kutulia kidogo katikati.

Basi walipofika kwa Hokororo walipokewa kama wana waliopotea. Kuku akachinjwa. Wazee wale wawili wakaitana kwa vyeo vyao vya zamani, wakacheka, wakakumbuka wenzao waliobaki huko. Kazumari alipoeleza kilichomleta, Hokororo akainuka, akaingia chumbani, akatoka na bunduki iliyofungwa kwenye shuka.

Mkomela alinieleza mara nyingi jinsi ilivyokuwa. Asili yake ilikuwa bunduki ya vita, ya Mjerumani. Lakini Mzungu aliyekuwa nayo, msimamizi wa mashamba aliyemwachia Hokororo alipoondoka, aliipeleka kwa fundi ikafanywa ya kuwindia. Mtutu ulifupishwa. Mbao za jeshi zikatupwa, pakawekwa kitako kipya cha mninga mwekundu, kimepakwa mafuta mpaka mistari ya mti inaonekana kama maji yanayotembea. Ubao wa mbele ulifuata mtutu wote hadi karibu na mdomo wake, na mwisho wake umevishwa kofia ya pembe. Pembeni mwa kitako palichongwa swala anaruka. Majirani waliokuwa wamekuja kusalimia walikipapasa kitako kile mmoja baada ya mwingine, kama wanapapasa kichwa cha mtoto.

"Bwana wangu alisema hii imeua tembo," alisema Hokororo. "Nimeitunza, Koplo. Kila Ijumaa naipaka mafuta."

Kazumari akaishika. Akaipandisha begani, ikakaa vizuri. Kisha mkono wake ukaenda kwenye komeo, lile chuma linalofungua na kufunga chemba ya risasi. Jeshini alifundishwa kwamba bunduki ya mtu mwingine huipokei mpaka umechomoa komeo, umeelekeza mtutu kwenye mwanga, umechungulia ndani. Alijua hilo kama anavyolijua jina lake. Akalivuta komeo mpaka nusu. Hapo akainua macho, akamwona Hokororo anamtazama, anatabasamu, bakuli la mchuzi liko mkononi mwake. Kazumari akalirudisha komeo mahali pake.

Mkomela, ambaye hakujua kitu juu ya bunduki, akamwinamia akanong'ona, "Shemeji, haijaribiwi?"

"Nijaribu bunduki ya mtu aliyenibeba mgongoni?"

Mkomela akarudi kukaa sawa. Ulikuwa ni udugu wa watu wazima, naye hakutaka kuuingilia. Pesa za ufuta zikatolewa, makabidhiano yakafanyika ofisini kama sheria inavyotaka, wakarudi nyumbani.

Siku waliyoingia kijijini nasi tulipiga vigelegele. Mimi mwenyewe nilimgusa swala yule kwa kidole. Mzee Chimbuli aliishika bunduki akazunguka nayo uwanjani, akasema, "Ufuta wetu umegeuka kuwa kitu cha fahari." Hakuna aliyeuliza kama inapiga. Ungeulizaje, na aliyeileta ni keya?

Risasi zilikuwa chache, kibali hakikuruhusu nyingi, kwa hiyo Kazumari hakuzichezea kwa majaribio. Ya kwanza aliipiga kwa nguruwe, alfajiri, kwenye shamba la Mzee Chimbuli. Nguruwe alikuwa amesimama ubavu, karibu. Risasi ikapiga mchanga pembeni kabisa, nguruwe akaondoka na wenzake. Kazumari alikaa pale muda mrefu. Aliporudi alimwambia Abiba kwamba macho yamezeeka. Abiba akamwambia, "Macho yako yanaona kinyonga kwenye jani." Akasema basi ni mkono. Nafikiri moyo wake ulishaanza kumwambia jambo lingine, lakini alikuwa ameshapita pale pa kuuliza.

Simba alirudi baada ya hapo kidogo. Alimbeba mbuzi nyuma ya nyumba ya jirani yetu jua likiwa linachomoza, akamburuta mpaka kwenye matete ya bondeni. Damu ilionekana, nyayo zilionekana. Kazumari akachukua bunduki, Mkomela akachukua mkuki, na wanaume wengine wenye mikuki na mapanga wakafuata nyuma. Sisi wanawake tulibaki juu ya mteremko. Matete tuliyaona, watu hatukuwaona.

Waliobaki hai ndio waliosimulia, nao namshukuru Mungu ni wote. Simba alitoka mateteni mwenyewe, akasimama kwenye nyasi fupi, mdomo mwekundu, anawatazama. Hakuwa mbali kuliko kutoka hapa mpaka kwenye lile banda la kuku la Mama Rehani. Kazumari alipiga goti. Alilenga kifua, akavuta pumzi, akaiachia nusu, kama alivyofundishwa, akafyatua. Mkomela alikuwa ubavuni mwake, na alisema mpaka anakufa kwamba mtutu ule haukutikisika hata kidogo. Vumbi likaruka mbali, kushoto kwa simba.

Simba akaja.

Kazumari alivuta komeo aweke risasi nyingine, ganda la ile ya kwanza likagoma kutoka. Alikuwa bado amepiga goti analivuta wakati Mkomela alipopita mbele yake na mkuki. Mkuki ukaingia begani mwa simba, haukumsimamisha. Simba akamwangusha Mkomela akaukamata mkono wake wa kushoto juu ya kiwiko. Wale wengine, na hapa nawasifu kwa majina yao yote moyoni, hawakukimbia. Walimchoma mikuki wakipiga kelele mpaka akamwachia, akarudi mateteni anachechemea.

Nilimwona mume wangu analetwa amewekwa juu ya mlango wa Mzee Chimbuli, waliung'oa ukawa machela. Nilifunga ule mkono kwa kanga zangu mbili. Sitawaeleza ulivyokuwa. Walimbeba usiku na mchana kwa zamu mpaka barabarani, lori la pamba likamchukua mpaka hospitali ya Nachingwea. Mkono ukakatwa.

Kazumari alikuwa miongoni mwa waliombeba. Hakukubali kupokewa zamu. Nilimtazama njia nzima, na nilipofika hospitali nilimwambia neno moja tu: "Shemeji, ulikuwa unapiga nini pale?" Hakuondoa macho yake usoni mwangu. Baada ya hapo sikusema naye tena kwa muda mrefu.

Alirudi kijijini akatoa bunduki nje, mbele ya watu. Akachomoa komeo lote. Akaelekeza mtutu kwenye jua na kuchungulia. Abiba alisema uso wake ulibadilika kama mtu aliyefungua jeneza. Mtutu mzuri ukiuchungulia, ndani unang'aa, na unaiona mifuo imejizungusha kwa mpangilio kama njia ya parafujo. Mifuo hiyo ndiyo inayoizungusha risasi ili iende sawa. Mle ndani mlikuwa na kutu na vishimo kama ngozi iliyougua ndui, na kuelekea mdomoni mifuo ilikuwa imelika, haipo. Hata chemba ilikuwa na kutu, ndiyo maana ganda lilikwama. Katikati ya mtutu palikuwa na kivuli cha mviringo, kama pete nyeusi.

Akafungua skrubu, akautoa ule ubao mzuri wa mbele. Chini yake chuma kilikuwa kimevimba, kama nyoka aliyemeza panya. Bunduki ile, siku moja huko nyuma, ilipigwa ikiwa na tope mtutuni. Aliyeifanya hivyo aliona aibu au aliona hasara, akaificha kwa mninga.

Akaning'iniza karatasi kwenye shina la mti, akaifunga bunduki kwenye magogo ili mkono wake usilaumiwe, akavuta kifyatulio kwa kamba mara kadhaa akiwa amejibanza nyuma ya kichuguu. Karatasi ilipatikana mara moja tu, tena pembeni, na tundu lenyewe halikuwa la duara. Lilikuwa refu kama kokwa ya tende. Risasi ilipita ubavu, kama mtu anayeingia mlangoni kwa bega. Watu walitazama tundu lile wakatazamana. Mzee Chimbuli akasema taratibu, "Kumbe tulinunua mti."

Kazumari akaifunga bunduki kwenye shuka ile ile, akaenda Nachingwea kwa miguu.

Alimkuta Hokororo anaezeka kibanda. Mazungumzo yao aliyasikia mke wa Hokororo, akamsimulia Mkomela, ndiyo maana ninayo. Kazumari hakusalimia. Aliweka bunduki chini, akafungua shuka, na ule ubao wa mbele ulikuwa umeshatolewa.

"Tazama," alisema.

Hokororo alishuka ngazi, akachutama. Akagusa ule uvimbe kwa kidole.

"Ni nini hiki?"

"Hujui?"

"Kazumari, mimi nilibeba machela. Tangu nipewe bunduki hii sijaipiga hata mara moja. Nimeipaka mafuta, basi. Nimepaka huku nje, mahali panapoonekana."

"Imemkata mkono shemeji yangu."

Hokororo aliketi chini, pale pale kwenye makuti. Kisha akauliza, na sauti yake haikuwa ya kujitetea:

"Na wewe je? Wewe ndiye mpiga bunduki kati yetu. Hukuchungulia?"

"Nilianza, nikaacha."

"Kwa nini?"

"Niliona haya."

"Haya ya nini, Koplo?"

"Ulinibeba."

"Nilikubeba kwa sababu ulikuwa mgonjwa!" Hokororo alisimama, na sasa alikuwa amekasirika kweli. "Sikukubeba ili ukifika kwangu ufumbe macho! Ungechungulia ukaniambia, 'Hokororo, kitu chako kimeoza', ningelia siku moja. Sasa nitalia mpaka lini?"

Wakasimama pale, wazee wawili, na bunduki katikati yao. Mwishowe Hokororo akavaa kanzu yake akasema, "Nipeleke kwa huyo shemeji yako."

Walipoingia wodini mimi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda. Hokororo alipiga magoti sakafuni, mtu mzima wa makamo yake, akamshika Mkomela mguu. Mkomela alimwambia, "Inuka, Mzee. Wewe uliuza usichokijua." Kisha akageuka kwa Kazumari. "Wewe ulinunua unachokijua. Nami nilikuuliza."

"Uliniuliza," alisema Kazumari.

Nilidhani Mkomela atamfukuza, na mimi nilitaka amfukuze. Badala yake alisema, "Simba yupo bado. Mkuki wangu umemwacha na kidonda, na simba mwenye kidonda hawindi swala. Mnafanyaje?"

Hokororo alirudisha kila alichopokea, bila kuombwa. Na akasema anamjua mtu mwingine mwenye bunduki, Mzee Likanda, aliyewahi kufanya kazi na mabwana nyama, sasa magoti hayamwezi. Siku Mkomela aliporuhusiwa kutoka hospitali, tulikwenda sote wanne kwa Mzee Likanda.

Wajukuu zangu, ile bunduki ya Likanda ilikuwa na sura mbaya. Nayo ilikuwa ya vita iliyofanywa ya kuwindia, ila aliyeifanya alitumia msumeno tu. Mbao za mbele zimekatwa kama suruali iliyofupishwa bila kupindwa. Kitako kilikuwa na ufa shingoni, kimezungushiwa ngozi ya pofu, yule swala mkubwa, iliyoshonwa ikiwa mbichi, ikakaukia pale pale. Rangi ya chuma ilikuwa imetoka yote. Watu waliokuwa wamekaa barazani kwa Likanda, walipoona Hokororo ameishika ile ya mninga tuliyokuwa tunaipeleka ofisini kuisalimisha, walicheka wazi wazi, eti tunaiacha hii tunafuata ile.

Kazumari hakuwajali. Aliomba ruhusa, akakaa chini, akaanza. Alichomoa komeo akalinganisha namba iliyogongwa juu yake na namba ya kwenye chuma cha chemba. Ilikuwa moja. Hiyo humaanisha vilizaliwa pamoja, havikukutanishwa na fundi. Alifungua ile ngozi, uzi kwa uzi, aone ufa umeingia mpaka wapi. Aliingiza kitambaa mtutuni akakinusa kilipotoka. Alisikiliza kifyatulio akiwa amefumba macho. Alipapasa mtutu wote kwa vidole viwili, kutoka chemba hadi mdomoni. Jua lilipanda. Mzee Likanda akaanza kuhema kwa nguvu.

"Wewe bwana, unanifanya mwizi nyumbani kwangu?"

Kazumari aliona haya, nilimwona. Lakini hakuacha.

"Samahani, Mzee wangu. Niache nimalize, halafu unikasirikie vizuri."

Kisha akainuka na ule mtutu mtupu, usio na komeo. Hakuchungulia. Alikuja mpaka aliposimama mume wangu, na lile shati lake mkono mmoja umekunjwa na kubanwa kwa pini niliyoibana mimi, akamshikisha.

"Wewe kwanza," alisema.

Mkomela aliupokea kwa mkono wake uliobaki. Ulikuwa mzito, ukamwelemea, Hokororo akasogea akamshikia upande wa pili. Akauelekeza mbinguni. Alichungulia kwa muda mrefu sana kwa mtu asiyejua anachotafuta.

"Unaona nini?" aliuliza Kazumari.

"Mwanga. Na mistari inazunguka, inaondoka, mpaka mwisho. Hakuna pete."

"Haijakatika popote?"

"Haijakatika."

Ndipo Kazumari naye akachungulia. Wakaenda nyuma ya nyumba, Mzee Likanda akaonyesha kichuguu cha kulengea, karatasi ikawekwa. Risasi zote zilipiga mahali unapoweza kupafunika kwa kiganja, na matundu yalikuwa ya duara. Mzee Likanda akasahau hasira yake, akaanza kutusimulia nyati.

Tulipotoka na ile bunduki ya ngozi, mmoja wa wale wa barazani, kijana aliyevaa vizuri, hakuweza kujizuia. Akamwambia Hokororo kwamba kama ile ya mninga haitakiwi, yeye ataichukua. "Mnaacha kitu kama hiki mnachukua kile kigogo? Hebu tazameni kitako!"

Hokororo akatikisa kichwa. Na Mkomela, bila kusimama, bila hata kupandisha sauti, akamjibu, "Asifuye kitako hajachungulia mtutu."

Kijana akatazama ule mkono wa shati uliobanwa kwa pini, akakaa chini. Maneno yale yalibaki pale barazani. Yakaenda sokoni, yakasafiri na malori. Leo yanasemwa na watu wasiojua kama kulikuwa na bunduki.

Ile ya mninga ilisalimishwa ofisini ikaharibiwe. Simba aliuawa na Kazumari kwa risasi moja karibu na kile kisima alichomchukulia Binti Ngaweje. Hapakuwa na ngoma kubwa. Alikuwa amekonda, na kidonda cha mkuki begani kilikuwa na funza. Kazumari aliwinda nguruwe kwa bunduki ile ya ngozi miaka mingi, na sisi tukapanda tena madungu, tukala mihogo yetu wenyewe.

Na mimi? Nilikaa na hasira. Mwanamume mwenye mkono mmoja hawezi kupalilia shamba lililojaa magugu, mnajua. Kila msimu, kabla hajagusa shamba lake, Kazumari alikuja kwetu na jembe. Hakubisha hodi, alilima akaondoka. Msimu wa kwanza nilimtazama tu. Msimu wa pili vile vile. Mkomela hakunihimiza, yeye alikuwa akienda kukaa ukingoni mwa shamba, wakiongea wawili. Siku moja jua lilikuwa kali mno, na nikamwona amesimama ameegemea jembe, mzee amechoka. Nikachota maji kwa kata nikampelekea. Akayapokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, shemeji," akasema.

Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniomba msamaha kwa maneno, miaka yote ile. Akanywa mpaka kata ikaisha, akafuta mdomo. Akaniambia kwamba maneno mazuri ni rahisi kuyachonga, na yeye alishamletea mume wangu kitu kimoja kilichochongwa vizuri. Hakutaka kumletea cha pili. Alitaka tumtazame ndani, tuchukue muda wetu, tukiridhika tumwambie.

Nikamwambia nimeridhika. Akarudi kulima.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mkikutana na kitu kinachong'aa, au mtu anayependeza, au neno linaloteleza kama asali, hamkatazwi kupenda. Pendeni. Lakini msione haya kukielekeza kwenye mwanga, hata kama aliyekileta aliwahi kuwabeba mgongoni. Asifuye kitako hajachungulia mtutu.